Ugomvi wa Faida

Kosa lilikuwa langu, na sikulifanya kwa haraka wala kwa uchovu. Nililifanya kwa muda wa wiki tatu, kila asubuhi kabla ofisi haijafunguliwa, nikiwa na kamusi mbili, wembe wa kukatia karatasi na kopo la maziwa lililojaa vipande vya fomu za zamani.

Nilikuwa mpanga dosye, yaani majalada ya maombi, katika ofisi ya ardhi hapa Bunia. Nilikuja kutoka Butembo nikiwa kijana, baada ya baba kufariki na masomo yangu kukatika mwaka wa tatu wa sekondari. Kifaransa changu nilikiokota ndani ya dosye zenyewe: barua za malalamiko, mihutasari ya vikao, nakala za hukumu. Neno nisilolijua niliandika kwenye kipande cha karatasi, na kipande hicho sikukitupa mpaka nilijue. Wengine kazini waliniita Mwalimu, ingawa sikuwahi kufundisha mtu.

Miaka hiyo bunduki zilikuwa zimenyamaza mjini na watu walikuwa wanarudi. Aliyekimbia alirudi akakuta mwingine amejenga kwake, na yule aliyejenga naye alikuwa amekimbia kutoka mahali pengine. Wote walitaka karatasi ya serikali. Kila asubuhi nilipofungua mlango niliona jinsi walivyokaa, hawa benchi hili na wale benchi lile, kila kabila na lake, bila mtu kuwapanga. Mimi sikuhesabiwa upande wowote. Nilikuwa mtu wa Butembo, na katika ofisi ile hiyo ilikuwa kama kuwa na kiti cha tatu.

Shefu wetu, mkuu wa ofisi, alirudi kutoka kwenye formasio, mafunzo ya siku tano, akiwa na kijitabu cha kanuni za mwenendo wa watumishi wa serikali. Kilikuwa cha Kifaransa. Aliagizwa kanuni zile zijulikane na kila anayefika ofisini, hata asiyejua Kifaransa, basi akaniita.

"Weye njo unapendaka bitabu," alisema. "Tia hii mu Swahili. Kurasa mbili, tutabandika ku ukuta."

Nilikifungua mbele yake. Kurasa za mwanzo zilikuwa na maana ya maneno, moja baada ya jingine. Nikamuuliza kama nizitie na hizo.

"Acha hizo. Batu banataka kujua nini imekatazwa. Ukuta iko kidogo."

Niliziacha. Hata kuzisoma sikuzisoma, kwa kuwa kazi yangu niliipima kwa kile nilichoagizwa.

Kila neno la Kifaransa lilipata kipande chake. Juu niliandika neno, chini niliandika Kiswahili, na nyuma niliandika nilikolipata. Mtumishi wa umma nikamwita mtumishi wa Leta, kwa kuwa hapa kwetu serikali ni Leta. Zawadi anazokatazwa mtumishi kupokea niliziita matabishi. Hilo lilimchekesha sana mama aliyekaa meza ya pili kutoka yangu.

Huyo mama ndiye aliyepokea watu. Kila aliyetaka kuandikisha parseli, yaani kiwanja chake, alianzia kwake: alisikiliza, akauliza, akaandika katika rejista kwa mwandiko ambao hata miaka kumi baadaye ungesomeka. Alikuwa mjane mwenye watoto wanne. Nyumba yake ya zamani, kwenye barabara ya Bogoro, iliungua wakati wa vita, na tangu hapo alipanga vyumba viwili mjini.

"Mwalimu," aliniuliza, "mama wa maharagi ku soko akiniongezea kikombe moja ya matabishi, nimurudishie?"

"Ya soko haihusu."

"Andika basi kama haihusu. Batu batakufa na njaa juu ya Swahili yako."

Niliongeza mstari juu ya soko. Nilidhani hilo ndilo gumu la kazi nzima.

Kisha nikafika mahali kijitabu kilipotaja conflit d'intérêts. Kamusi ya kwanza iliniambia conflit ni ugomvi, mapigano, mzozo. Ya pili ilikubaliana nayo. Intérêt ilikuwa faida. Nilikuwa na vipande viwili vilivyo safi, nikaviweka pamoja: ugomvi wa faida. Nikaandika kwamba mtumishi aliye katika ugomvi wa faida asiguse dosye hiyo, aiachie mwenzake. Nilisoma mara tatu. Kila nusu ilikuwa sahihi, na sikuona sababu ya jumla kuwa na kasoro.

Tulibandika siku ya Jumatatu. Siku za kwanza watu walicheka juu ya matabishi, kama nilivyotegemea. Aliyejua kusoma alimsomea asiyejua, na sauti ya Kiswahili changu ikirudi kwangu kutoka kwenye korido ilinifurahisha zaidi ya inavyostahili.

Alhamisi alikuja mwanamume mmoja wa makamo, amevaa koti la kanisani. Shamba alilolidai lilikuwa upande ule ule wa Bogoro, lakini yeye hakuwa wa watu wa yule mama. Alikuwa wa wale wengine. Mama alimwita kwa zamu yake, akafungua rejista. Mwanamume hakukaa.

"Mama, samahani. Weye unatokaka wapi?"

"Natoka ku nyumba, papa. Kaa."

"Kabla ya nyumba."

Mama aliweka kalamu chini. "Unajua kwenye natokaka. Kila mutu anajua."

"Basi hautashika dosye yangu." Akageuka, akaweka kidole kwenye ukuta, juu ya mstari wangu. "Iko hapa. Mwenye kuwa mu ugomvi asiguse. Batu benu na batu betu tuko mu ugomvi juu ya udongo, na udongo njo faida. Haiko mimi nasema. Ni Leta."

Kwenye benchi la watu wake mtu akasema, "Ni kweli, iko mu maandiko."

Nilisimama. Nilitaka kusema kwamba mstari ule haukukusudiwa hivyo, lakini sikujua ulikusudiwa vipi. Nikakaa tena. Sikuweza kuandika kitu mchana wote ule. Nilipanga dosye zilizokwisha kupangwa, nikaenda mpaka mlangoni, nikarudi, nikasoma ukuta kama mtu anayetafuta ufunguo mahali alipokwisha kutafuta.

Kesho yake watu watatu walimkataa mama. Mchana, watu wa upande wake nao wakamkataa mpimaji wetu, aliyekuwa wa wale wengine, kwa mstari ule ule. Mmoja alikuwa ameunakili kwenye karatasi na kuukunja mfukoni. Hapo Shefu aliogopa. Alijua, kama tulivyojua sote, kwamba mambo makubwa ya mji huu yalianzia kwenye madai madogo ya mipaka. Alimtuma mpimaji porini apime, asionekane. Mama hakuwa na pori la kutumwa.

"Mama apumuzike kidogo ku nyumba," Shefu alisema mbele yetu. "Kama Jumatatu batu habajatulia, nitaandika ku province bamupeleke posti ya Mahagi."

Mahagi ni mbali, na barabara wakati huo ilikuwa ya kuulizia kila asubuhi kabla ya kuondoka. Watoto wanne hawangeweza kwenda, wala kubaki peke yao. Mama alichukua kalamu zake na mto wa kiti aliokuwa ameushona mwenyewe. Alipopita mbele ya meza yangu alisimama.

"Haiko Shefu ananitosha hapa ku kazi," alisema. "Ni neno yako."

Ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa na siku mbili.

Nilikitoa kijitabu nikasoma, kwa mara ya kwanza, zile kurasa za mwanzo. Maelezo yalikuwa mafupi. Ugomvi wenyewe haukuwepo. Kilichotajwa ni mtu mmoja mwenye kazi ya umma na jambo lake binafsi, na jambo hilo linaweza kumfanya aifanye kazi kwa upendeleo. Hakuna watu wawili waliogombana. Mtu ni mmoja tu, na anavutwa. Nilisoma mpaka mstari ukaingia kichwani.

Kujua maana hakukunipa neno. Kutoka Ijumaa jioni mpaka Jumamosi mchana nilitembea nalo mjini. Redio ya Tanzania husema mgongano wa maslahi, nami nilikuwa nimewahi kulisikia. Nikalijaribu kwa mwenye moto, yaani pikipiki, aliyenipeleka mtaa wa Rwambuzi.

"Mugongano ninajua," alisema. "Ya moto na moto, ao ya moto na lori?"

"Ya maslahi."

"Huyo ni nani?"

Nikamwambia ni mtu anayevutwa pande mbili. Alipunguza mwendo, akageuza kichwa nusu.

"Papa, unafanyaka kazi ku ofisi ya udongo?"

"Ndiyo."

"Usiandike pande mbili kule. Nakuomba."

Alisema kweli. Neno pande lilikuwa limeshikwa na vita. Upande ulikuwa na bendera na waliokufa wake. Mzozo ulishikwa, mapambano yalishikwa, hata mpaka haukuwa tena mstari wa mpimaji tu. Nilipitia kopo langu lote na kila neno nililoligusa lilikuwa limekwisha kutumika vitani. Nikaona kwamba jina halitapatikana. Ilibidi niache kutafuta jina na kusema jambo lenyewe kwa urefu wake: mtumishi asishike dosye ambayo ndani yake mna kitu chake mwenyewe au mtu wake.

Lakini mtu wake nayo hapa ina maana mbili. "Mutu wetu" ni mtu wa kabila letu. Ningerudi pale pale. Basi ilibidi niorodheshe, na kijitabu kilikuwa na orodha yake fupi, maneno mawili: parents na alliés.

Parents nililijua, ni ndugu wa damu. Kwa alliés nilifungua kamusi. Maana ya kwanza ilikuwa wale waliofunga mkataba wa kupigana pamoja. Mjini kwetu neno hilo halihitaji kamusi. Kila kikundi chenye silaha kilikuwa na alliés wake, na watu waliwataja kwa sauti ya chini. Maana ya pili ilikuwa chini, kwa herufi ndogo: waliounganishwa kwa ndoa. Wakwe. Shemeji.

Hapo kalamu ilisimama, na si kwa sababu ya lugha.

Kazi yetu ilikwenda hivi. Dosye zilizokamilika nilizipanga kwa tarehe ya kuingia, ya zamani juu, na kila Jumatano Shefu alichukua za juu akazipeleka kutiwa sahihi na kashe, muhuri wa serikali. Mwezi mmoja kabla, kaka wa mke wangu alileta ombi la karatasi ya parseli anayokaa Rwambuzi. Familia moja iliyokimbia nayo ilikuwa imeomba karatasi ya parseli hiyo hiyo, na ombi lao liliingia kabla ya lake. Nilijua. Zote mbili zilikamilika wiki hiyo, Jumatano ikiwa imepita, na zilipita mikononi mwangu. Nilipanga yake juu.

Sikupokea chochote. Shemeji hata hakuniomba. Niliinua tu, kama mtu anavyomvutia mgeni wa nyumbani kiti, na sikulifikiria tena. Wala sikuona kwamba mstari niliouandika kwa mkono wangu ulinihusu, kwa kuwa mimi sikuwa na ugomvi na mtu.

Jumapili baada ya misa alinikuta nje ya kanisa.

"Shemeki, dosye yangu imefika wapi?"

"Iko juu."

"Njo maana nasemaka, mutu akiwa na weye mu ofisi, iko salama." Akanipiga begani, akaenda kuwasalimu wengine.

Nilirudi nyumbani nikijiambia kwamba neno alliés ni la hatari, na kwamba mtu mwenye akili angeliruka. Sababu ilikuwa nzuri. Yeyote angeikubali: hakuna anayetaka neno hilo katika ukuta wa ofisi ya ardhi ya Bunia. Ningeandika baba, mama, mtoto, ndugu, mume, mke. Mama angerudi kazini kwa orodha hiyo tu, na hakuna ambaye angejua kwamba kilikuwepo kitu kingine. Nilikula bila kusikia ladha. Mke wangu aliniuliza kama nina homa. Niliandika karatasi mbili, moja yenye shemeji na moja isiyo naye, nikaziweka zote katika kitabu kimoja.

Jumatatu nilifika kabla ya Shefu. Nilisimama, nikakaa, nikafungua dirisha, nikalifunga. Alipoingia nilimfuata mpaka mezani kwake, kwa kuwa nilijua ataanza na ile barua ya province. Nikampa karatasi yenye shemeji. Nilikuwa nimeitoa kwanza, nadhani kwa sababu sikutaka kuchagua mara ya pili.

Alisoma kwa sauti, polepole, kidole chini ya maneno. Alipofika kwenye orodha alianza kucheka.

"Baba, mama, mutoto, ndugu, bibi, bwana, shemeki. Mwalimu, nani atabakia kutumika? Bunia nzima iko shemeki ya mutu."

"Imeandikwa katika kijitabu, Shefu."

"Kijitabu iliandikwa Kinshasa. Toa shemeki. Zingine ziko muzuri."

Alinirudishia karatasi pamoja na kalamu. Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Si mimi tena, ilikuwa amri.

"Shefu," nilisema, "dosye ya juu, ile ya Rwambuzi, ni ya kaka wa mke wangu. Kuna nyingine ya parseli hiyo hiyo iliyoingia mbele yake. Mimi njo niliigeuza."

Alivuta rundo, akafungua ya juu, akaifunga.

"Juu ya nini unaniambia hii?"

"Kwa sababu bado hujaipeleka."

"Unajua ninaweza kukuandikia barua weye, kuliko mama?"

"Najua."

Hakukasirika kwa sauti. Alichokionyesha kilikuwa kama uchovu, na kilinisumbua zaidi. Aliniambia nibandike karatasi kama ilivyo, kisha nitoke mbele yake mpaka aniite. Barua ya Mahagi hakuiandika siku hiyo. Yangu aliiandika: onyo, mistari sita, nakala moja katika dosye yangu, ambayo niliipanga mwenyewe kwa tarehe.

Niliondoa karatasi ya kwanza ukutani na kubandika ya pili, nikabaki pale asubuhi yote nikiwasomea waliofika. Mwanamume wa koti la kanisani alirudi siku ya pili. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na ugomvi umeitia wapi?"

"Haukuwamo. Nilikosea mimi."

"Leta inakosea?"

"Leta haikukosea. Mimi ndiye niliyegeuza Kifaransa vibaya."

Alifikiri. "Yule mama iko na shamba ndani ya dosye yangu?"

"Hapana."

"Shemeki yake?"

"Hayupo. Unaweza kumuuliza mwenyewe."

"Kama atanidanganya?"

"Basi utakuwa na mstari wa kumshitakia. Wa kwanza haukukupa hilo."

Hakusema amekubali. Alisema atakaa, aone. Mwingine nyuma yake alitoka akinung'unika kwamba siku hizi sheria inabadilishwa kwa wembe na gundi. Lakini hakuna aliyenakili mstari, hakuna aliyehama benchi, na Jumatano Shefu alimtumia mama ujumbe arudi.

Alirudi na mto wake. Alisoma ukuta akiwa amesimama, kutoka mstari wa kwanza. Kisha akakaa, akamwita mwanamume wa koti la kanisani, akamuuliza maswali yote ya rejista kwa sauti ile ile aliyomuulizia kila mtu. Naye alijibu, akitazama kalamu yake kila ilipoandika.

Dosye ya Rwambuzi, Shefu aliniita aipange mwenyewe mbele yangu. Nilivuka korido. Aliangalia tarehe, akafungua rundo, akaiingiza chini ya ile ya familia iliyokimbia. Hiyo ilikuwa yote. Ilimchukua muda mfupi kuliko niliotumia mimi kuinua.

Shemeji alikuja nyumbani Jumapili ile, akazungumza na dada yake jikoni, akaondoka bila kupitia sebuleni. Mke wangu hakuniambia walisema nini. Familia iliyokimbia ilipata zamu yake, lakini karatasi hawakuipata mwaka huo, wala shemeji hakuipata. Parseli ile bado ina watu wawili wanaoitazama, na ninapopita Rwambuzi nachukua njia nyingine.

Na mama, aliyekwisha kusikia habari ya onyo langu, tulikaa wiki kadhaa tukisalimiana tu. Siku moja mchana, watu wakiwa wachache, alisema bila kuinua macho kutoka kwenye rejista:

"Ungeandika vile mara ya kwanza, singepelekwa ku nyumba."

"Mara ya kwanza sikujua maana."

Alimaliza mstari, akaukausha kwa kipande cha karatasi.

"Na shemeki yako," alisema, "yeye haukumujua?"

Nilimwambia huyo nilimjua. Akaita mtu aliyefuata.